Mwalimu Aliyeongoza Besi kwa Jicho la Kushoto

Ndugu, jamaa, majirani na wanakwaya, familia imenipa mimi, mkwe wake mkubwa, kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wetu tulimwita Mwalimu. Niliuliza kwa nini mimi, na watoto wa kuwazaa anao. Nikajibiwa kwamba wao watalia. Nimekubali, ila nisilaumiwe nikiwatangulia.

Mwalimu alizaliwa tarehe 9 Juni 1948, katika nyumba za watumishi nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa tatu wa fundi mitambo na mama mshonaji. Dada yake, tuliye naye hapa mbele, anasema kilio cha mtoto yule hakikuwa na tofauti na honi ya treni ya alfajiri. Jirani mmoja aliwahi kukurupuka kitandani na kukimbilia stesheni, akakuta hata mkata tiketi hajafika.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya wasichana. Huko ndiko alikojifunza kinanda, na hakuwahi kuficha sababu: chumba cha muziki ndicho pekee kilichokuwa na feni. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1969 na kufundisha hesabu na muziki katika shule moja mpaka alipostaafu mwaka 2008. Wanafunzi wake wanakumbuka kwamba kwenye hesabu alisamehe makosa, kwenye muziki hakusamehe.

Mwaka 1974 alianzisha kwaya ya mtaa, iliyofanya mazoezi kwenye ukumbi wa shule kila Jumamosi alasiri. Kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kinanda, aliongoza kwa macho. Akikonyeza la kulia, soprano waingie. Akikonyeza la kushoto, besi waingie. Besi walikuwa watu kama fundi bomba na mpaka rangi, ambao nota walizijua kwa kubahatisha, lakini jicho la Mwalimu walilijua barabara.

Tarehe 20 Desemba 1975 alifunga ndoa na dereva wa treni, ambaye ndiye Mzee wetu. Mzee alijiunga na kwaya ili awe karibu naye, akaimba vibaya mpaka Mwalimu akamwambia achague moja, kuimba au kumwoa. Alichagua vizuri, na kwaya ikapona. Mungu aliwajalia mabinti wawili na mtoto mmoja wa kiume.

Mwaka 1999 kope yake ya kushoto ilianza kucheza yenyewe. Kisha shavu likafuata, na mdomo nao ukavutwa upande huohuo, hata akiwa usingizini. Mwanzoni tulicheka, na yeye alicheka nasi. Muuza nyama alidhani anakonyezwa, akawa anamchagulia minofu, na Mzee alisema tangu mkewe ashikwe na ugonjwa huo nyumba yao ilikuwa haijaona mfupa. Mimi mwenyewe nilikuja kujitambulisha wakati huo. Mwalimu alinikazia macho sebuleni mbele ya kaka zake, akasema binti yake haolewi mpaka amalize chuo, na palepale akanikonyeza. Nilitoka nikijua nimekubaliwa kisirisiri. Wiki iliyofuata nilirudi kuuliza tarehe ya harusi, nikapewa chai na kuoneshwa mlango.

Kicheko kiliisha siku ya kufungua madarasa mapya. Soprano mmoja alikuwa ameanza kuimba peke yake, taratibu, ukumbi umenyamaza, jicho la Mwalimu likacheza. Besi wote wakaingia kwa nguvu. Wakanyamaza. Jicho likacheza tena, wakaingia tena. Mgeni rasmi alipiga makofi akidhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Baadaye fundi bomba alimfuata kuomba radhi.

"Mwalimu, sisi tunafuata jicho," alimwambia. "Jicho likisema ingia, tutafanyaje?"

Mwalimu alimwambia hawana kosa. Lakini kuanzia hapo alifunika shavu kwa kiganja alipoongea na watu, na Jumamosi akawa anasema amechoka. Kinanda kilikaa kimefunikwa kitambaa. Tulimhurumia sana, kwa sababu hatukuwahi kumwona akijificha.

Alipewa matone ya macho, miwani, hata ushauri wa kupunguza mawazo. Sindano za kulegeza misuli zilimsaidia miezi michache, kisha mambo yakarudi palepale. Ndipo alipofika kwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi. Daktari alieleza kwamba nyuma ya sikio, ndani ya kichwa, mshipa mdogo wa damu ulikuwa umeiegemea neva inayoendesha uso. Kila moyo ulipopiga, mshipa uliigonga neva. Mzee akasema kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Mwalimu akasema kumbe ni mpiga ngoma asiyefuata wimbo, basi asogezwe.

Na kusogezwa ndiyo ilikuwa dawa yenyewe. Wangefungua tundu dogo kwenye mfupa nyuma ya sikio, wausogeze mshipa, waweke katikati kipande cha kitu laini kama sufi ili visigusane tena. Hatari ilikuwa moja kubwa. Neva ya kusikia imelala ubavuni mwa ile ya uso, na ikiumia, sikio la kushoto lingeweza kuzima kabisa. Sisi watoto tuligawanyika. Mtu wa muziki bila sikio, tulisema, si sawa na dereva bila breki? Mwalimu alitusikiliza mpaka tukaishiwa.

"Masikio ninayo mawili," alisema. "Uso ninao mmoja."

Jumamosi ya mwisho kabla ya kulazwa, alikuja ukumbini na pamba. Aliziba sikio la kulia, akaketi kwenye kiti katikati ya besi, akawaomba waimbe kila wimbo wanaoujua. Fundi bomba alimuuliza kwa nini. Alisema anataka sikio lile, kama litaondoka, liondoke limeshiba.

Upasuaji ulifanyika tarehe 15 Julai 2003. Alipopata fahamu vizuri, daktari alisugua vidole karibu na sikio lake la kushoto.

"Anza tu, Daktari," Mwalimu alisema. "Nasubiri."

Daktari alikuwa ameshaanza. Alasiri ile Mwalimu alilia, na Mzee akalia naye. Lakini uso ulikuwa unatulia, na mwezi ulipoisha, kope haikucheza tena. Aliporudi ukumbini aliwahamishia besi mkono wa kulia, kwenye sikio zima, ila jicho lao likabaki lilelile la kushoto, kwa kuwa watu wazima hawafundishiki mara mbili. Ndiyo maana mpaka leo kwaya yetu husimama kinyume na kwaya nyingine, na anayetaka kuipanga upya ajiandae kugombana na fundi bomba. Nyumbani, Mwalimu alilalia sikio la kulia, na kwa miaka ishirini hakusikia Mzee akikoroma. Alisema daktari hakumtoza chochote kwa hilo.

Mwishoni mwa mwaka 2023 moyo wake ulianza kuchoka. Wanakwaya walikuja kumwimbia chumbani, wakijibana kati ya kabati na dirisha. Mikono haikuweza tena kuinuka. Alikonyeza jicho la kushoto, makusudi kabisa, na besi wakaingia mahali pake. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 11 Februari 2024.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na besi tisa.

Sasa tutaimba wimbo alioupenda. Atakayepiga kinanda ni binti yake mkubwa, mke wangu, naye amenituma kwenu ujumbe. Besi, leo msifuate jicho. Macho yake yamejaa machozi na atapepesa kope kila mara. Hesabuni wenyewe, muingie kama Mwalimu alivyowafundisha.

Mwalimu apumzike. Kope zote mbili zimetulia.