Usimwamshe Arek

Gari la Kakuma lilikuwa halijatoka Lodwar vizuri, na tayari Awut alikuwa ameshapewa shauri. Kosa lake ni kumweleza jirani wa kitini, mama Mturkana aitwaye Namuria, kwa nini macho yake yamevimba: binti yake Arek hushtuka usingizini kila usiku akipiga mayowe.

"Mwagie maji baridi usoni," Namuria akasema.

Awut akashusha pumzi. Arek alikuwa amelala fofofo mapajani pake. "Daktari amekataza kumwamsha. Akishtuka, mtoto anakaa macho wazi, analia, hata mimi hanijui. Nikae karibu tu, asijiumize, mpaka atulie."

"Ukae tu? Na wewe ni mama yake?"

"Jirani alileta pasta amwombee. Mama mkwe anataka tumbadilishe jina. Sasa wewe na maji! Asubuhi mtoto hakumbuki kitu, anaitisha chai. Mtoto sijachoka naye, mama. Nimechoka na watu."

Namuria akatazama mbuzi na miiba nje hadi Kakuma ikakaribia. Kisha akasema, "Wangu wa kwanza alikuwa hivyo. Nilimmwagia."

"Akapona?"

"Alianza kuogopa maji. Hata kuoga ilikuwa vita."

Awut akamgeukia kwa hasira. "Na bado unaniambia nimwagie?"

"Sasa nikuambie nini? Kukaa tu nilishindwa!"

Gari likasimama Kakuma, abiria wakaanza kusukumana. Namuria akamshikia mkoba ashuke na mtoto. "Polepole," akanong'ona, "usimwamshe."