Mtahiniwa wa Nane

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliopita darasani kwake, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Familia imemtuma mdogo wake marehemu, yule fundi wa pampu za maji mnayemfahamu, asimame hapa asome maisha ya dada yake, na ametakiwa aseme mapema kwamba maelezo haya yalipitiwa kwanza na binti wa marehemu, ambaye alifuta mistari miwili iliyomsifu mama yake kupita kiasi, na akaongeza mingine ambayo sisi wengine tulikuwa tumekubaliana kuinyamazia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ofisi ya posta, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa karani wa kupanga barua na mshona nguo, na alijifunza kusoma kwa anwani za bahasha, akiwa amekaa sakafuni chini ya meza ya kazi ya baba yake. Tangu utotoni alikuwa mtu wa maneno kuliko vitu, akipewa kiazi anauliza kwanza kwa nini kinaitwa kiazi, na wakati akisubiri jibu mdogo wake ameshamaliza chake na anakikodolea macho cha dada, na mara nyingi alikipata.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1958 hadi 1964, kisha akachaguliwa kujiunga na sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1965, na huko ndiko alikokutana na mwalimu mmoja mwembamba, mkali, aliyekuwa akifundisha Kilatini kwa wasichana sita ndani ya chumba cha kupigia pasi, kwa kuwa vyumba vingine vyote vilikuwa vimejaa. Kutoka kwa mwalimu huyo alijua kwamba maneno nayo yana ukoo, kwamba kalamu na karatasi zilitoka kwa Wagiriki zikapitia kwa Waarabu ndipo zikatufikia, kwamba meza ni ya Warumi ikaletwa na Wareno, na kwamba daktari, kwa asili yake, ni mtu anayefundisha. Likizo zikifika alirudi nyumbani na elimu hiyo yote, hakuna aliyekula kwa raha, mpaka siku moja mama yetu akamwambia, "Mwanangu, hiyo meza ilikotoka ni mbali, lakini imeshafika, sasa iwekee sahani."

Aliingia chuo kikuu mwaka 1971 akahitimu mwaka 1974, shahada ya lugha za kale na fasihi, na baba alipomuuliza shahada hiyo ina kazi gani, alijibu kwamba kazi ipo, bado haijajua tu kama inamhitaji. Tarehe 13 Januari 1975 aliajiriwa katika shule ya sekondari iliyo jirani na karakana ya reli, akapewa chumba namba kumi na moja, cha mwisho kwenye korido, ambacho dari lake lilivuja pembeni mwa ubao, na katika chumba hicho alifundisha miaka thelathini na sita, hakuhama. Kila asubuhi aliandika mizizi mitano ya maneno ya Kilatini na Kigiriki, darasa likasimama na kuiimba kwa sauti moja pamoja na maana yake, maji, mkono, kubeba, kuandika, kusikia, na hiyo ndiyo sababu ya jina la Mwalimu Mizizi, ambalo wanafunzi walidhani halijui, kumbe alilipenda.

Kila Julai darasa lake lilicheza tamthilia ya Kigiriki, na siku zote ilikuwa tanzia, kwa sababu alisema vichekesho watoto wanavyo vya kutosha nje. Wanafunzi wenye haya aliwaweka katika kundi la waitikiaji, ambako hakuna anayesema peke yake, na wale jasiri zaidi hakuwapa ufalme, aliwapa nafasi ya mjumbe, maana katika tamthilia zile mtu hafi mbele ya watazamaji, hufia ndani, kisha mjumbe anatoka na kueleza yaliyotokea. Aliwafundisha wajumbe wake kwamba habari mbaya haipakwi asali, anayeipaka anajionea huruma mwenyewe, na huyu anayesoma hapa leo, ambaye hakuwahi kuwa mwanafunzi wake, anajitahidi.

Tarehe 22 Desemba 1979 alifunga ndoa na mchora ramani wa idara ya maji, mtu mpole, mwenye subira ya pekee, ambaye hakujua Kigiriki hata neno moja lakini ndiye aliyetengeneza vinyago vyote vya uso vya maonyesho hayo, kwa magazeti ya zamani na uji wa unga wa ngano, akivianika kwenye kamba ya nguo, hata mwaka mmoja panya wakala pua ya mfalme siku mbili kabla ya onyesho, na mfalme akapanda jukwaani hivyo hivyo. Walipendana, na hilo tulilishuhudia wote. Mume wake alifariki tarehe 9 Juni 1996 kwa ugonjwa wa figo, na kuanzia hapo dada alibaki na vitu viwili tu vya kuvishikilia, binti yake na darasa lake.

Walijaliwa mtoto mmoja, binti aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 1981. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, maana mtoto huyu naye alikuwa mtu wa kuchimba mambo, ila yeye alichimba miili, kuku akichinjwa nyumbani ni lazima apite kwanza mikononi mwake, huku akitueleza ini na firigisi mpaka tukakosa hamu ya mchuzi. Alipofika kidato cha tano, katika shule ile ile aliyofundisha mama yake, alichagua biolojia na kemia, akasema atakuwa daktari, na marehemu baba yake alikuwa ameshamchorea mwili wa binadamu, mishipa yote, kwenye karatasi ya ramani iliyobandikwa nyuma ya mlango wa chumba chake.

Hapa ndipo penye mistari aliyoiongeza binti. Shule ilikuwa imeweka sharti kwamba somo lolote la kidato cha tano lisilofikisha watahiniwa wanane lifungwe, na ilipofika Ijumaa tarehe 20 Februari 1998, siku ya mwisho ya kujaza fomu, dada alikuwa na wanafunzi saba. Alikwenda kwa wazazi nyumba kwa nyumba, alimsihi mwalimu wa jiografia amwachie mmoja, hakupata. Saba hao walikuwa wameshaanza, mmoja wao alikuwa ameuza baiskeli anunue kamusi, na darasa likifungwa wangetawanywa katika masomo wasiyoyaweza, na yeye mwenyewe angehamishwa. Basi alichukua fomu ya binti yake, akakata biolojia, akaandika lugha za kale, kwa kuwa vipindi vya masomo hayo mawili viligongana kwenye ratiba na haiwezekani kusoma yote. Fomu ilihitaji sahihi mbili, baba alikuwa ameshatangulia, hivyo ya pili iliwekwa na mjomba, ambaye ndiye anayesoma maelezo haya, aliyeiweka akiwa amesimama mlangoni na bisibisi mkononi, hakusoma, na alipoulizwa baadaye alisema alidhani ni mambo ya karo.

Binti hakupiga kelele. Alimwambia mama yake, "Wale saba umewaonea huruma, mimi hukuniona," kisha akaenda darasani akawa wa nane, akasoma kwa miaka miwili, na katika mtihani wa Novemba 1999 akawa wa kwanza kati yao wote. Chuo cha udaktari hakikumpokea, chuo cha uuguzi nacho hakikumpokea, kwa kuwa hakuwa na biolojia, na mwezi Machi mwaka 2000 aliondoka nyumbani na begi moja, akapata kazi kwenye duka la miwani, kazi ya kusaga vioo, na ameifanya hadi mwaka jana. Darasa lenyewe lilifungwa mwaka 2001, hakujitokeza hata mwanafunzi mmoja, na dada alimalizia utumishi wake akifundisha fasihi ya kawaida katika chumba kile kile, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011. Wale saba wameishi vizuri, watatu tunawaona hapa, nao hawana kosa lolote.

Kwa miaka ishirini na mbili mama na mwana walikutana kwenye harusi na misiba, wakapeana salamu za adabu, za kutosha ili watu wasiseme. Dada alikuwa mtu wa kiburi, na tusidanganyane, kiburi ni cha ukoo. Mdogo wake alimshauri mara nyingi aende amwombe mtoto msamaha, naye alijibu kwamba anatafuta maneno, jambo ambalo lilituudhi, maana mtu aliyejua neno moja katika lugha nne alikosaje neno hilo moja?

Ijumaa tarehe 6 Mei 2022, asubuhi, akiwa jikoni akichuja chai, alipigwa na kiharusi kilicholegeza upande wa kulia na kumwondolea usemi. Jirani yake, fundi cherehani wa mlango wa pili, ndiye aliyesikia sufuria ikianguka. Binti alifika hospitali jioni ile ile, akaomba likizo, likizo ikaisha, akaacha kazi, akarudi kuishi katika chumba chake cha zamani, ambacho nyuma ya mlango wake mchoro ule wa mwili wa binadamu ulikuwa bado umebandikwa. Mtaalamu wa kurudisha usemi alieleza kwamba mgonjwa wa aina hii huweza kushindwa kuomba maji lakini akatamka mambo aliyoyakariri zamani, ajaribiwe kwa wimbo au kwa orodha, na hapo binti, aliyekuwa ameapa kwamba neno la Kilatini halitatoka tena kinywani mwake, alisimama kando ya kitanda akaanza kuimba mizizi, na mama akaitikia yote mitano bila kukosea. Wakawa wanafanya hivyo kila asubuhi, majirani wakipita dirishani walisikia sauti mbili zikisema kitu kimoja, wakadhani amepona. Wimbo ukiisha hakuweza kusema hata jina la binti yake.

Mwezi wa Julai, kwa mkono wa kushoto, aliandika tarakimu 8 kwenye kibao alichonunuliwa, akamwinulia binti yake na machozi yakimtoka. Binti alitazama saa ya ukutani akamwambia, "Bado, Mama, dawa ya saa nane bado," akatoka kwenda kufua. Jumatano iliyopita alituambia kwamba aliielewa, aliielewa mara ile ile, ila alikuwa amengoja miaka ishirini na mbili kuambiwa kwa maneno, na hakutaka kukubali tarakimu. Mama hakuandika tena.

Hali ilibadilika mwanzoni mwa Machi 2023, maji yakajaa kwenye mapafu, na Jumanne tarehe 28 Machi 2023, saa kumi na dakika ishirini alasiri, marehemu aliaga dunia, binti yake akiwa amemshika mkono ule usiokuwa na nguvu, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu. Ameacha binti mmoja na mdogo mmoja, na ameishi miaka sabini na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyejifunza mizizi mitatu ili amsalimie, inamshukuru mtaalamu wa usemi, fundi cherehani na majirani wote waliopokezana kumgeuza kitandani, walimu wenzake waliokuja na viti kutoka shuleni, na wanafunzi wake wa miaka yote, ambao ni wengi kiasi kwamba hatuwezi kuwataja, mtusamehe.

Binti amesema hatasimama hapa, kwa sababu akizungumza na mama yake atasubiri ajibiwe, hivyo amemwomba mjomba, ambaye naye ana deni lake la sahihi na ameshaliombea radhi chumbani, asome kwa niaba yake maneno haya: "Mama, nilikusamehe wiki ya kwanza tuliyoimba, nikanyamaza nikitaka uanze wewe, na wa kusema kati yetu nilikuwa mimi." Hayo ndiyo aliyoyaandika, hatukuongeza neno.

Pumzika, dada yetu, pumzika kwa amani.