Mzee Futi na Viti Alivyokataa Kuvitengeneza

Baada ya miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku ambazo ofisi ya utumishi bado inabishania, fundi mkuu wa karakana yetu ya magongo na viti vya magurudumu atastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Kamati ya jarida la hospitali imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa, walisema, namfahamu vizuri. Kweli namfahamu. Mimi ni daktari wa wodi ya watoto, na ndiye niliyeandika barua ya pili kati ya barua zake tatu za onyo.

Tunamwita Mzee Futi kwa ajili ya utepe wa kupimia usiobanduka shingoni mwake. Wageni wakiuona kwa mbali humdhania daktari bingwa na kumsimamisha koridoni wamweleze maradhi yao. Huwasikiliza mpaka mwisho, kisha huwaonyesha chumba cha daktari. Karakana yake ni chumba kimoja nyuma ya dobi: harufu ya gundi na ngozi, redio isiyozimwa, na kalenda ya miaka tisa iliyopita ambayo hakubali itupwe kwa sababu nyuma yake ameandika vipimo vya watu.

Tuseme ukweli: kwa takwimu, huyu ni mfanyakazi aliyeporomoka. Mwaka tathmini ilipoanza alitengeneza viti vya watoto arobaini na kimoja. Mwaka jana alitengeneza tisa. Uongozi uliwahi kumtaka aeleze kwa maandishi, kurasa zisizopungua mbili, sababu za kushuka kwa uzalishaji. Alileta karatasi moja yenye maneno mawili: "Wateja wanatembea." Hiyo ndiyo iliyomletea barua ya tatu, ya utovu wa adabu. Ya kwanza ilikuwa ya kuwauliza kina mama maswali yasiyomhusu. Ya pili ina hadithi yake.

Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa na miezi saba kazini na koti jeupe lisilo na doa. Akaletwa msichana wa miaka tisa. Alianza kwa kuumwa mgongo, kisha miguu ikalegea, kisha mkojo ukagoma mpaka tukamwekea mpira. Picha ya mgongo haikuonyesha kitu. Nikaandika kwamba amepooza, sababu haijulikani, nikajaza fomu ya kiti cha magurudumu. Naona haya kukiri kwamba niliona nimefanya kazi nzuri.

Mtoto na mama yake wakateremshwa karakana. Mzee Futi akampima nyonga, mapaja na mgongo, halafu akaomba viatu vyake, maana bila viatu hawezi kukata kibao cha kuwekea miguu. Sisi wodini tulikuwa tumeviacha uvunguni mwa kitanda siku zote hizo. Mama akavitoa mfukoni. Visigino vilikuwa vimeliwa upande mmoja, na tope la kijivu limeganda kwenye mishono. Mtoto aliyepooza zamani viatu vyake havichakai. Hivi vilikuwa vimekimbia juzijuzi tu.

Akamuuliza mama, mtoto alikimbia lini mara ya mwisho. "Alhamisi ya wiki iliyopita, baba. Tulishindana mpaka kisimani, akanishinda." Na tope hili la wapi? La mfereji wa mashamba, wanakooga watoto wote wakitoka shule.

Kiti hakikutengenezwa. Mzee Futi alipanda ngazi mpaka wodini kwangu, akasimama mbele ya wauguzi na ndugu za wagonjwa, kiatu kimoja mkononi. "Daktari," alisema, "mimi sijasoma. Ila mtoto huyu apimwe kichocho kwanza, choo na mkojo. Kiti kitasubiri, miguu haisubiri."

Nilipandwa na mori. Nikamweleza, kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, kwamba kichocho ni ugonjwa wa kukojoa damu, kwamba mgongoni hakina shughuli, na kwamba fundi ashike msumeno wake. Kabla ya chakula cha mchana barua ilikuwa tayari: kuingilia matibabu na kuchelewesha huduma.

Mwenye macho haambiwi tazama. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima asiyependa kelele wodini mwake, alichukua sampuli bila kuniuliza, na maabara ikakuta mayai ya kichocho kwenye choo. Ndipo nikafungua kitabu. Kumbe mayai ya mnyoo huyu yanaweza kufika mpaka kwenye uti wa mgongo. Mwili unapigana nayo, panavimba, na mishipa ya fahamu inabanwa. Dawa zipo, ya kushusha uvimbe na ya kuua minyoo. Zikichelewa, minyoo hufa na miguu ikabaki ilivyo. Ukurasa wenyewe haukunichukua hata dakika mbili kuupata.

Tulianza dawa siku ile ile. Siku ya tano, hakuna mabadiliko. Siku ya tisa, hakuna, na uongozi ukaipitisha barua yangu: asipotengeneza kiti ndani ya wiki moja, kazi hana. Nilimfuata karakana nimsihi atengeneze tu, yaishe. Hakuacha kupaka gundi. Akaniambia kwamba kiti cha kwanza alichotengeneza hapa kilikuwa cha binti yake mwenyewe, wa miaka saba, ambaye miguu yake ililegea vivyo hivyo, ndani ya siku chache. Mayai ya kichocho yaligunduliwa miezi mitano baadaye. "Kiti kilipendeza," alisema, "kila mtu akatulia. Mtoto akishapata kiti, watu huacha kutafuta." Nilirudi wodini nikiogopa, kwa ajili ya mtoto na kwa ajili yake.

Siku ya kumi na tatu msichana alichezesha kidole gumba cha mguu wa kushoto. Mama yake alipiga kelele hadi watu wa dobi wakatoka nje. Wiki ya saba aliondoka kwa miguu yake, akichechemea kidogo.

Si wote waliofuata walipona hivyo. Wengine waliletwa wakiwa wamechelewa, wengine ugonjwa wao ulikuwa mwingine kabisa. Hao Mzee Futi aliwatengenezea viti imara, bila kubisha. Siku hizi fomu ya kiti ina maswali mawili ya ziada: mtoto alikimbia lini mara ya mwisho, na anaoga wapi. Kamati ilitumia miaka mitatu kuyaidhinisha, kisha taarifa ya mwaka ikayataja kuwa ubunifu wa uongozi.

Nimeomba mara mbili barua yangu iondolewe kwenye jalada lake. Nimejibiwa kwamba fomu ya kuingiza onyo ipo, ya kulitoa haipo. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mzee Futi, nilikosea, tena nilikutukana mbele za watu. Basi na samahani yangu ipokee mbele za watu.

Kamati ya zawadi, baada ya vikao vinne, imekununulia kiti cha kupumzikia. Naambiwa umeshakipima na kukuta mguu mmoja mfupi. Siku ya kukuaga binti yako atakuwa safu ya mbele, na tutakaposhangilia, tutamshangilia na yeye. Watoto wengi wametoka hapa wakitembea, na aliyewainua ni huyo mmoja ambaye hakuinuka. Asanteni nyote wawili. Kaa sasa, mzee wetu. Tunakutakia uzee wenye afya, na raha ya kutoulizwa na mtu umetengeneza vingapi.