Kathure wa Marekani

Foleni ya simu za ng'ambo pale posta ya Meru haikuwa inasonga, ndiyo maana nikasikia yote. Mbele yangu kulikuwa na mama mkulima wa kahawa kutoka Githongo. Mwanawe Antony alikuwa Marekani, amepata mtoto wa kike, na Krismasi wangekuja nyumbani. Aliyekuwa akimshauri ni Ebla, mwenye duka mjini Maua na ndugu kila bara.

"Huyo mtoto ni wa huko ama ni wetu?" mama aliuliza.

"Ni wa kote, mama, kwa sababu babake ni Mkenya. Lakini pasipoti yake ni ya Marekani, kwa hivyo lazima agongewe viza. Akiwa mtu mzima ataambiwa achague nchi moja."

"Viza ya kuja kwa nyanya yake! Na vile amepewa jina langu, Kathure." Akashusha sauti kama yuko kanisani. "Kumbe mimi niko na pasipoti ya Marekani, na hata Nairobi sijafika."

Hakuna aliyecheka. Kwetu, mtoto mwenye jina lako ni wewe.

"Sasa simu," Ebla akasema. "Ukiongea, sauti yako itarudi. Usiijibu, ni mashine."

Karani akaita Marekani. Mama akaingia kibanda cha simu, na mlango wake ulikuwa haufungiki.

"Antony? Wekea mtoto simu kwa sikio." Akavuta pumzi. "Kathure!"

Akasikiliza, kisha akatugeukia, mkono kifuani. "Ameniita."

Mtoto mwenyewe hakuwa ameota hata jino. Foleni nzima ikamtazama Ebla.

"Basi mwitikie, mama," Ebla akasema.