Metrine Nafula Barasa: Alijaliwa

Metrine Nafula Barasa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1986 hapa Ndivisi, Kaunti ya Bungoma, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Danson Barasa na Mama Keziah. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na kaka yake mkubwa, Elijah, ambaye Metrine alimwita Eli hata mbele ya wageni.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza kidato cha nne mwaka 2004. Hesabu zilimpiga chenga. Katika mdahalo, hata hivyo, aliyebishana naye alirudi nyumbani kichwa kikimuuma.

Februari 2013 alikwenda Riyadh, kazi ya nyumbani mtaa wa Al-Murabba. Madam wake alimwita kwa kengele ndogo, saa yoyote. Alipokuja likizo mwaka 2016, baiskeli ilipita njiani ikalia kengele. Metrine akaweka kikombe chini, akasimama wima: “Naam, madam.” Nyumba nzima ilicheka, naye akacheka kuwashinda wote. Kisha akaenda kufunga dirisha la upande wa njiani. Mwaka 2017 alipata kafili mwingine, yaani mwajiri wa kumdhamini kibali, akahamia Jeddah kuhudumu katika ofisi ya mawakala wa mizigo karibu na bandari.

Sababu ya kuhama haikuwa kazi. Mwaka 2015, kwenye foleni ya pasipoti katika ubalozi wetu Riyadh, Maryann Wairimu wa Nyahururu, aliyefanya kazi Jeddah, alimkaribisha chini ya mwavuli wake. Foleni ilichukua saa sita. Metrine alisema angependa ichukue nane.

Kujikubali kulimchukua muda. Aliwahi kufunga na kuomba siku arobaini ili mapenzi hayo yamtoke. Siku ya arobaini na moja, alimwambia Maryann, alijikuta na njaa tu. Akala, akaacha kuomba msamaha kwa jambo hilo.

Kwa sheria za huko, neno moja kwa mtu asiyefaa lingewafikisha jela. Hata hivyo, mwaka 2018 alianzisha kundi la simu la wanawake Wakenya wa miji hiyo miwili waliopenda wanawake wenzao. Kundi liliitwa Mapishi. Kila Ijumaa alituma ujumbe wa sauti ulioanza na maelekezo marefu ya chapati, ili anayesikiliza pembeni achoke mapema. Ndipo aliposema: “Sasa sikizeni. Wewe si mgonjwa, na si mkosi wa mtu.” Maryann anasema chapati zenyewe hazikuwa nzuri.

Likizo ya 2019 alisimama kwa jina lake kamili katika baraza la chifu hapa Ndivisi, akadai watu kama yeye wasipigwe tena. Alizomewa. Elijah alikuwepo, akatazama viatu vyake, na hadi leo anaona aibu. Wiki iliyofuata Metrine alirudi barazani na kiti chake mwenyewe.

Juni 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Fomu ya hospitali iliuliza uhusiano wa anayemuuguza. Maryann aliandika “dada”, kama walivyozoea. Wiki ya mwisho Metrine alimpigia kaka yake simu.

“Eli, nakujua. Utaandika ati sikujaliwa ndoa.”

“Si ndivyo huandikwa?”

“Usiandike. Nilijaliwa.”

Alifariki Jeddah tarehe 9 Machi 2025, akiwa na miaka thelathini na minane. Maryann aliacha kazi, akalisindikiza jeneza hadi nyumbani.

Kamati ya mazishi iliona heri yaandikwe yale yale, kwamba hakujaliwa ndoa, kuepusha maneno, na Elijah akayaandika. Juzi alimsomea Mama Keziah kabla ya kupeleka kwa mchapaji. Mama alimnyamazisha.

“Huyu msichana ametoka Arabuni na sanduku la mtoto wangu. Kwani ni mgeni? Futa.”

Elijah alifuta.

Metrine ameacha mama yake, Keziah. Ndugu zake Elijah, Griffins na Shiro. Wanawake wa Mapishi, ambao majina yao hayatasomwa hapa. Na Maryann Wairimu, mwenzi wake wa miaka kumi. Kwa desturi yetu, udongo wa kwanza hutupwa na mwenye ndoa, mume au mke wa marehemu. Mama ameomba watu wampishe Maryann apite.

Apumzike kwa amani, Metrine wetu, mahali ambapo kengele haimfikii.