Afisa Utumishi Aliyeomba Abishiwe

Tarehe thelathini mwezi huu wa Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuitumikia halmashauri yetu, Afisa Utumishi Mkuu anastaafu. Mhariri wa jarida hili alizunguka ofisi zote akitafuta mtu wa kumwandikia wasifu. Mkurugenzi alikuwa safarini. Mhasibu akasema yeye huandika tarakimu tu. Dereva wa mzee akasema aliyoyasikia garini hayaandikiki. Mwishowe mhariri akaja kwangu, katibu wa chama cha wafanyakazi, kwa hoja kwamba hakuna aliyebishana na mzee huyu kwa muda mrefu kuliko mimi, ukimtoa mkewe. Nikamwambia hata kwa mkewe sina hakika.

Aliingia hapa akiwa karani msaidizi wa masijala, kijana mwembamba mwenye tai fupi kuliko inavyopasa. Wanaomkumbuka wanasema hata siku hizo alikuwa akizima taa kila alipopita, na kwamba zaidi ya mtu mmoja aliachwa gizani chooni. Alipanda ngazi moja moja hadi akakabidhiwa meza ya utumishi, na pamoja nayo kiti cha mwajiri katika majadiliano na chama chetu. Hapo ndipo alipopata jina. Kila ombi tulilompelekea, alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya ile tai, kisha akatuambia, kwa upole wa daktari anayeleta habari mbaya, kwamba hakuna fungu, yaani bajeti haina mahali pake. Tukamwita Hakuna Fungu. Mkewe anasimulia kwamba binti yao mdogo aliomba baiskeli akajibiwa vivyo hivyo, naye mtoto akauliza kama anaruhusiwa kukata rufaa.

Lakini tuseme haki. Hakutudanganya hata mara moja, na alichokisaini alikitekeleza. Wazoa taka walipoomba mabuti mapya, alikataa vikao kadhaa, akidai yale ya zamani bado yana uhai. Tukamwambia basi ayavae yeye. Akayavaa. Wiki nzima alikuja kazini na suti yake ya kijivu na mabuti ya mpira, akipanda ngazi kwa mlio wa mtu anayetembea kwenye uji. Ijumaa alivua soksi mbele ya kamati nzima, akatuonyesha malengelenge, akaomba kalamu. Sijawahi kuona fungu likipatikana haraka namna ile.

Kisha ikaja sheria mpya. Serikali ilisema mishahara na posho za watumishi wa umma zinameza mapato, na barabara na zahanati zinabaki na makombo. Ikaamuliwa kwamba vyama vijadili jambo moja tu, mshahara wa msingi, na nyongeza isizidi kupanda kwa bei za vitu. Zamu, sare, likizo na usafiri, yote hayo mwajiri aamue peke yake. Mzee aliiunga mkono waziwazi, akaenda hadi kutoa maoni mbele ya walioiandaa. Na alikuwa na hoja. Aliwapa mfano wa posho ya kubadilisha utepe wa taipureta, ambayo ofisini kwetu iliendelea kulipwa miaka mingi baada ya taipureta ya mwisho kuuzwa kwa muuza vyuma chakavu. Ni kweli kabisa. Chama chetu kiliitetea posho hiyo kila mwaka, kwa uso mkavu, na tulishinda kila mwaka.

Hata hivyo tulimnunia. Wenzangu waliona ametuuza, na kwa miezi kadhaa salamu zetu zilikuwa za kichwa tu.

Kikao cha kwanza chini ya sheria hiyo kilimalizika kabla chai haijaletwa. Nilijaribu kugusia fagio, ambazo zilikuwa zimebaki mipini mitupu. Mzee akainua kidole, nami nikameza maneno. Tulisaini karatasi ya nyongeza ndogo, kila mtu akatoka. Mhudumu alikuta chumba kitupu na birika limejaa. Mzee akarudi nyumbani mchana kweupe, na mkewe, alipomwona mlangoni saa hizo, alidhani amefukuzwa kazi, akaanza kuwapigia simu ndugu.

Sasa hakuwa na wa kumpinga, na kazi ilikwenda mbio. Alipunguza hapa, akafuta pale, na matumizi yakashuka kwelikweli. Mkurugenzi akamsifu mkutanoni. Ikaanza kunong'onwa kwamba kiti cha naibu mkurugenzi, kilichokuwa wazi, ni chake. Ndipo akaigusa zamu ya magari ya taka. Wafanyakazi wa magari hayo walikuwa wakianza alfajiri, na kwa hiyo walilipwa posho ya alfajiri. Mzee akaihamisha zamu nzima mchana, posho ikafa kifo chake. Kwenye karatasi ilipendeza mno.

Barabarani ilikuwa kituko. Mchana mtaa wa soko umejaa meza, mikokoteni na wateja. Gari la taka lilifika, likasimama, injini ikanguruma, likamsubiri mama muuza nyanya ahamishe nyanya zake. Akihamisha nyanya, jirani yake alikuwa bado anapima vitunguu. Mafuta yaliteketea gari likiwa limesimama, jioni likarudi nusu tupu, na taka zikalala sokoni. Baada ya wiki chache harufu ilipanda hadi kwenye madirisha ya halmashauri, na kwa sababu za upepo ambazo sizielewi lakini nazishukuru, ilipenda zaidi dirisha la mkurugenzi.

Mzee akamwita mkuu wa madereva, akamuuliza tatizo liko wapi. Yule bwana akasimama wima kama yuko gwarideni, akajibu kwa adabu zote, "Mzee, hilo si mshahara wa msingi." Wafagiaji walipoulizwa wakasema hivyo hivyo. Hata dada wa mapokezi, alipoulizwa tu kama naye anaisikia harufu, aliomba kwanza aambiwe kama harufu ni jambo linaloruhusiwa kujadiliwa.

Siku mbili baadaye mlango wa ofisi ya chama ukagongwa. Ofisi yetu ni kijichumba nyuma ya stoo, na miaka yote ile mzee hakuwahi kukanyaga humo, tulikuwa tukimfuata sisi. Alikaa kwenye kiti cha wageni, ambacho mguu wake mmoja ni wa kuazima, akayumba, akajishika mezani, akavua miwani.

"Katibu," akasema, "nimekuja mnibishie."

Nikamjibu kwamba sheria hairuhusu. Nililisema hilo kwa raha zangu zote, wala sifichi. Nilimkumbusha kwamba ni yeye aliyeisimamia, na kwamba sisi siku hizi ni watu wa mshahara wa msingi. Akakubali kila neno. Akaifuta ile miwani ambayo ilikwisha kuwa safi.

"Zamani nikikosea mlinizuia njiani, mkanikera," akasema. "Sasa nakosea mpaka mwisho, na hakuna anayeniambia."

Hasira zangu ziliisha hapo hapo, ingawa sikumwonyesha mara moja. Nilimwambia aje Jumatano, wakati wa chai.

Kwa kuwa kujadiliana ni marufuku, hatukujadiliana. Mzee alisimama na kikombe chake akaliambia dirisha mipango yake ya wiki. Mimi niliongea na birika. Dirisha likielezwa kwamba zamu ya mchana imeokoa pesa, birika lilielezwa habari za nyanya. Sauti zilipanda. Wapita njia walidhani watu wawili wamerukwa na akili katika chumba kimoja. Lakini mwezi haukuisha kabla magari ya soko hayajarudi alfajiri, na posho yao. Mitaa mingine ikabaki mchana, kwa sababu huko, birika lilikiri, mzee alikuwa sahihi. Posho ya utepe wa taipureta nayo tuliizika Jumatano moja, kwa heshima. Fagio zikanunuliwa.

Maneno hayakukaa. Mkurugenzi alipata habari, mzee akaitwa mbele ya kamati ya nidhamu kujibu tuhuma ya kujadiliana na chama kinyume cha sheria. Nami niliitwa kama shahidi. Nilikwenda nikijua kwamba mtu angeweza kupoteza kazi na kiinua mgongo chake siku ile. Mwenyekiti alimuuliza kama ni kweli tulijadiliana.

"Hatukujadiliana," mzee akajibu. "Tuligombana. Sheria haijakataza kugombana."

Wajumbe walipekua sheria kurasa zote, hawakulikuta neno kugombana. Walimpa barua ya onyo, na kiti cha naibu mkurugenzi akapewa mwingine. Alikuwa amekitamani kiti kile. Mkewe alituambia kwamba jioni ile alilalamikia jambo moja tu, kwamba barua ilichapwa kwenye karatasi mbili wakati moja ingetosha ikichapwa pande zote mbili.

Sheria ingalipo. Mzee angali anaamini kwamba tukiachiwa tutaomba hadi mwezi na nyota, nami ningali naamini kwamba amekosea nusu nzima. Jumatano zimeendelea. Magari yanafika sokoni mtaa ukiwa mtupu, na dirisha la mkurugenzi liko wazi.

Mwezi uliopita chama cha wastaafu kilimchagua, hata kabla hajaondoka, awe msemaji wao wa kudai nyongeza ya pensheni kutoka kwa halmashauri hii hii. Alikuja kwangu amenywea, akaniomba nimfundishe kudai, kwa kuwa miaka yake yote kazini hajawahi kudai kitu. Nikakaa upande wa mwajiri, yeye upande wa pili. Alianza vizuri, akataja nyongeza anayoitaka, na kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe kwamba haiwezekani, akanishukuru kwa muda wangu. Tulirudia tena na tena. Juzi ndipo alipoomba, akafunga mdomo, akaushikilia kwa mkono, akasubiri. Nilikaa kimya makusudi. Alivumilia. Hatimaye nikamwambia tutalifikiria, naye akatabasamu kama mtu aliyeona bahari kwa mara ya kwanza.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kila hapana uliyotupa ukiwa na sababu, na kwa siku uliyogonga mlango wa stoo. Nenda ukalale hadi jua likuchome, wewe na mama na wajukuu. Afya ikuandame, miguu isikuchoke. Na ukija kudai haki ya wastaafu, omba kikubwa. Tumekuandalia kiti kizima.