Mwalimu Hahitaji

Ndugu waombolezaji, mpendwa wetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa tano wa fundi wa tanuri, akaanza shule mwaka 1959, na baba yake alipofariki akalelewa kwa zamu na wajomba watatu waliomsimanga kwa kila sahani aliyokula, hivyo akaapa mapema kwamba akikua hatamwomba mtu hata chumvi.

Mwaka 1974 alijiunga na chuo cha Biblia, akahitimu mwaka 1977, akabaki hapohapo kufundisha kwa miaka thelathini na minne, na kila mwaka somo lake la kwanza lilikuwa lilelile, kwamba Mungu yupo kwa nafsi yake, hakupewa uhai na yeyote, hapungukiwi tukimwacha wala haongezewi tukimsifu, basi wanafunzi wakamwita Mwalimu Hahitaji, naye jina likampendeza kupita kiasi.

Tarehe 6 Agosti 1977 alifunga ndoa na mama yetu, mkunga, wakajaliwa watoto wawili, binti anayewasomea historia hii na mdogo wake wa kiume, dereva wa lori, na tuseme ukweli ingawa jeneza liko mbele yetu, mama aliishi nyumbani mwake kama mgeni, maana marehemu alijifulia, alijipikia, alijishonea vifungo, na akiulizwa alijibu kwamba mtegemea cha ndugu hufa maskini. Alichofundisha kuhusu Mungu alitaka kukiishi yeye mwenyewe, nasi tuliokuwa chini ya paa lake tuliumia.

Februari 2019 miguu yake ilivimba, akaificha ndani ya soksi nene hadi alipoanguka kanisani, ikabainika figo zote mbili zimeharibika, mwanawe wa kiume akapimwa na kuonekana anafaa kumpa moja, marehemu akakataa miaka miwili mizima, hata mama, ambaye hakuwahi kumpinga katika mambo ya dini, akamwambia, "Mwalimu, huyo Mungu asiyehitaji mtu alikubali kunyonyeshwa na kubebwa, wewe ni nani?" naye akainuka, akaenda kupiga pasi shati lake.

Tarehe 2 Mei 2021 alimshika mwanawe mkono, akasema anaihitaji ile figo, akalia, lakini daktari alieleza kuwa moyo wake hauwezi tena kustahimili upasuaji, akafariki tarehe 19 Mei saa nne asubuhi, na mdogo wangu amebaki na figo mbili, hajui aifanyeje ya pili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani ambao mabakuli yao ya chakula aliyarudisha bila kuyafunua, nanyi hata hivyo mmekuja kuchimba kaburi.

Baba, leo umeogeshwa, umevishwa, na watu sita watakubeba, wala hukuulizwa. Pumzika kwa amani.